Kabla hujalipa ada ya chuo cha maabara



Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, wazazi wengi huulizana chuo kipi kina ada nafuu. Kwa kijana anayetaka kazi ya maabara, hasa upande wa histolojia, swali hilo peke yake halitoshi.

Histolojia ni nini? Mama akikutwa na uvimbe kwenye titi, sisi matabibu humpeleka kwa daktari, naye hukata kinyama kidogo na kukipeleka maabara. Huko fundi sanifu hukihifadhi kwenye fomalini, hukiondoa maji kwa alkoholi, hukigandisha ndani ya nta, kisha hukikata vipande vyembamba vya maikroni 3 hadi 5 na kuvitia rangi. Ndipo daktari bingwa atazame kwa hadubini aseme kama ni saratani au la.

Kinyama kikichelewa kutiwa fomalini huharibika. Lebo zikibadilishana, asiye na saratani anaweza kukatwa titi, na mwenye nayo akarudishwa nyumbani. Kazi hii ni amana.

Hapa Tanzania, stashahada ya maabara za tiba huchukua miaka 3, na histolojia ni sehemu moja tu ya mafunzo. Anayetaka kubobea hujiendeleza. MUHAS, kule Muhimbili, wana shahada ya fani hii. Basi uliza haya:

Kwanza, chuo na kozi vinatambuliwa na NACTVET (zamani NACTE)? Mhitimu atasajiliwa na Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya? Bila usajili huo, cheti hakimpi ruhusa ya kazi.

Pili, omba uoneshwe mashine ya kukatia vinyama, na kabati la kuvuta mvuke, kwani fomalini hudhuru macho na mapafu. Ukioneshwa picha tu, ondoka.

Tatu, mazoezi hufanyika hospitali gani? Hospitali nyingi za wilaya hazina maabara ya histolojia.

Nne, angalia ufaulu. Hutakiwa masomo manne yasiyo ya dini, Kemia na Baiolojia zikiwemo. Mwanao asiache somo la dini, lakini asilitegemee kukamilisha idadi hiyo.

Mzazi, nauli ya kwenda kukikagua chuo ni ndogo kuliko ada ya miaka 3 iliyopotea.

Wabillahi Tawfiq.