Skuli na Shamba Zipeane Mkono

Ndugu Wanachama,

Msimu mmoja alinijia ofisini kijana wa mwanachama mwenzetu, amemaliza Kidato cha Nne na kufaulu vyema somo la kemia. Akaliona gunia la makonyo mlangoni, akauliza, "Bwana Katibu, taka hizi mwaziwekea nini?" Nikamweleza kuwa makonyo hupelekwa kiwandani Wawi, yakapigwa mvuke, mvuke ukapozwa, yakapatikana mafuta yanayouzwa ng'ambo. Kijana akacheka. "Kumbe ndiyo hayo! Mbona nimeyachora kwenye mtihani?"

Kuyachora aliyachora, lakini hakupata kuyaona, ilhali kutoka kwao hadi Wawi hata saa moja ya mguu haifiki.

Najua wako watakaosema kuwa watoto wa skuli shambani si jambo geni, kwani zamani skuli zikifungwa msimu ukiwa mkubwa, wakaenda kuchuma. Ni kweli, na wazee wetu wayakumbuka hayo. Lakini kilichotakiwa siku zile ni mikono yao tu. Hakuna aliyewakalisha chini akawaeleza kwa nini karafuu huchumwa ikishaanza kuwa nyekundu na kabla haijafunguka ua.

Na ya kuelezwa ni mengi. Kilo 3 za karafuu mbichi hutoa kama kilo 1 kavu: hiyo ni hesabu. Karafuu ikirundikwa mbichi hupata moto, ikapauka, ikashuka daraja: hiyo ni sayansi, tena ni fedha. Mbegu ya mkarafuu haiwekeki. Ikicheleweshwa siku chache hupoteza uhai, na mche wake huchukua miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa. Mwenye kujua haya aweza kuwa mpimaji, mwenye kitalu, fundi wa mitambo, au karani wa mauzo. Vijana wetu wadhani kazi ya karafuu ni kupanda mti tu, na kwa dhana hiyo siwalaumu wakitafuta boti ya kwenda Unguja.

Njia ipo tayari. Mamlaka ya Mafunzo ya Amali inacho kituo Vitongoji, na utaratibu wa uanagenzi wajulikana: kijana hufanya kazi chini ya fundi, na nadharia huipata kituoni. Twataka mfano huo uingie na katika zao letu, na uanze mapema, mtoto angali skuli.

Kwa hiyo Kamati yaomba kila mwanachama mwenye kitalu, au sakafu nzuri ya kuanikia, akubali kupokea wanafunzi wachache pamoja na mwalimu wao. Sharti ni mbili, wala hazina mjadala. Mwanafunzi asipandishwe mkarafuu. Twawajua sote walioanguka. Na asifanywe kibarua wa bure. Akichambua pishi mbili ili ajifunze, ni somo. Akichambua kutwa nzima, alipwe kama mwengine yeyote. Nayasema haya wazi kwa kuwa twajuana.

Walimu wakuu wawili wamekwisha kuniuliza twaanza lini. Nimewajibu kuwa nangoja majina yenu. Daftari liko ofisini, mezani kwangu, na hadi naandika haya lina majina manne, moja likiwa langu.

Katibu