Kiazi kisichochipua si lazima kiwe kipya: Mambo ambayo mzazi anapaswa kuyajua

Nachingwea na Ruangwa ni nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Viazi mviringo vinavyouzwa kwenye masoko na magenge ya huku ni wageni: vinatoka nyanda za juu kusini, Njombe, Mbeya na Iringa, ambako hali ya hewa ni ya baridi. Vinapanda lori vikiwa vimetulia, vinashuka kwenye joto, na baada ya siku chache gunia linaanza kutoa machipukizi.

Muuzaji anapata hasara. Mzazi naye anabaki na maswali mawili: kiazi kilichochipua kinafaa kwa mtoto? Na kile ambacho kimekaa muda mrefu bila kuchipua kimewekewa nini?

Kiazi kina uhai

Baada ya kuvunwa, kiazi hakijafa. Hulala kwa wiki kadhaa au hata miezi, kutegemea aina yake, kisha huamka na kutoa machipukizi. Joto hufupisha usingizi huo. Ndiyo maana kiazi ambacho kingekaa kimya muda mrefu kule Makete huamka mapema kikifika Nachingwea.

Katika nchi zenye maghala makubwa ya viazi, wakulima na wafanyabiashara hutumia kemikali kuurefusha usingizi huo. Mbili zimetumika sana.

Ya kwanza ni maleiki hidrazidi, iliyoanza kujulikana Marekani mwaka 1949. Hupuliziwa shambani wiki kadhaa kabla ya kuvuna, majani yakiwa bado mabichi. Majani huinywa na kuipeleka chini hadi kwenye kiazi au kitunguu, ambako huzuia seli zisigawanyike. Chipukizi halitoki kwa sababu ili litoke lazima seli ziongezeke.

Ya pili ni kloroprofamu. Hii huwekwa viazi vikiwa vimeshavunwa, ndani ya ghala lililofungwa, kama vumbi au ukungu wa moshi.

Tofauti hiyo ina maana jikoni. Kloroprofamu hubaki zaidi kwenye ganda, hivyo kumenya huondoa sehemu kubwa yake. Maleiki hidrazidi imo ndani ya kiazi chenyewe, na kisu hakiifikii. Kinachomlinda mlaji hapo ni mkulima kufuata kipimo na muda uliowekwa, na mamlaka kukagua mabaki yaliyomo kwenye chakula.

Ulaya waliiacha moja

Mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulikataa kuongeza muda wa kibali cha kloroprofamu, na matumizi yake ya mwisho yalikoma tarehe 8 Oktoba 2020. Wataalamu wa usalama wa chakula walikuwa wameeleza wasiwasi kuhusu mabaki yake kwa walaji. Maghala ya huko yakageukia njia nyingine, zikiwemo gesi ya ethilini na mafuta ya mnanaa. Marekani bado inaruhusu kemikali hiyo, kwa kikomo maalumu cha mabaki.

Nchi mbili zinaweza kuusoma ushahidi uleule na kuamua tofauti. Kwa mzazi, la kujifunza ni kwamba hizi ni dawa za kutumiwa kwa kipimo, na mtu aliyefundishwa. Kuzinyunyizia kwa kukisia kwenye kiroba cha nyumbani ni hatari.

Dawa ya mahindi haizuii viazi kuchipua

Hapa ndipo familia za wakulima zinapaswa kuwa makini zaidi. Nyumba nyingi za vijijini zina dawa: salfa ya mikorosho, dawa za wadudu wa ufuta, na vumbi la kuhifadhia mahindi. Gunia la viazi linapoanza kuharibika, mtu anaweza kushawishika kujaribu kilichopo.

Usijaribu. Vumbi la mahindi huua wadudu wa ghalani, wala halina uwezo wa kuzuia kiazi kisichipue. Salfa hupambana na ukungu wa ubwiriunga kwenye mikorosho. Ukiziweka kwenye viazi au vitunguu, machipukizi yatatoka vilevile, na wewe utakuwa umelisha familia sumu bila faida yoyote.

Dawa yoyote ya shambani isomwe lebo kwanza: zao gani, kipimo gani, na siku ngapi za kusubiri kabla ya kula. Kama zao lako halikutajwa, dawa hiyo si yako. Viuatilifu nchini husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Afisa ugani wa kata anaweza kukusaidia kujua kama ulichouziwa kimesajiliwa na kwa kazi gani.

Kilichochipua nacho kina sumu yake

Kuogopa dawa kusitufanye tudharau upande wa pili. Kiazi mviringo kinachochipua au kuwa kijani hutengeneza sumu yake cha asili, ikiwemo solanini. Rangi ya kijani yenyewe haina madhara, lakini inakuonyesha kuwa kiazi kimepigwa na mwanga, na mwanga huohuo huongeza sumu. Sumu hiyo hukaa zaidi kwenye ganda, vijicho na machipukizi. Kuchemsha hakuiondoi, na kukaanga chipsi kwa kawaida hakuiondoi pia.

Mwaka 1969, wavulana 78 wa shule moja jijini London waliugua baada ya kula viazi vya mchana. Viazi hivyo vilitoka kwenye mfuko uliobaki tangu muhula uliotangulia. Walitapika, wakaharisha na kuumwa tumbo, na 17 kati yao walilazwa hospitali. Wote walipona.

Kwa hiyo, kiazi chenye vijicho vidogo na ambacho bado ni kigumu, kata vijicho kwa kina, menya, kisha pika. Kilicholegea, chenye machipukizi marefu au kijani kilichosambaa, tupa. Kikiwa kichungu mdomoni, kiteme. Usimlazimishe mtoto amalize sahani.

Usichanganye na viazi vitamu. Machipukizi na majani yake hayana sumu hiyo, ndiyo maana tunakula matembele. Majani ya kiazi mviringo hayaliwi. Kitunguu maji kilichochipua nacho kinalika, ila ladha hupungua.

Kuhifadhi bila dawa

Kwa familia ya kawaida, njia rahisi ni kununua kidogo. Viazi vya sado moja vinavyoisha ndani ya wiki havihitaji kemikali.

Viweke gizani, mahali penye hewa na mbali na jiko: kwenye tenga lililofunikwa gunia kavu, juu ya uchaga, si kwenye mfuko wa plastiki. Vikague kila baada ya siku mbili na utoe kilichooza.

Vitunguu viwe mbali na viazi, kwa sababu viazi hutoa unyevu unaoviozesha. Kitunguu huvumilia joto letu vizuri kikiwa kikavu. Adui yake mkubwa ni unyevu wa masika. Kianike mpaka shingo ikauke, kisha kitundike kwenye wavu au ukisuke kwa majani yake.

Dawa zote za shamba zikae kwenye kisanduku kilichofungwa, nje ya jiko na chumba cha kulala, na zisihamishiwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa au kula dawa, usimtapishe wala usimpe maziwa kwa kukisia. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu na uende na chombo cha dawa hiyo chenye lebo, ili mhudumu ajue anapambana na sumu gani.