Vampiri si mumiani

Mwaka 2020 kampuni ya Marekani iitwayo Blue Underground ilitoa upya, kwa diski za 4K, filamu ya Kibelgiji Les Lèvres rouges. Filamu yenyewe ni ya mwaka 1971. Iliongozwa na Harry Kümel, mzaliwa wa Antwerp, na anayeibeba tangu anapotokea hadi mwisho ni mwigizaji Mfaransa Delphine Seyrig. Picha zimesafishwa kutoka katika negativu ya kwanza, na rangi nyekundu, ambayo kwa filamu hii ni karibu mhusika kamili, imerudi kuwa nyekundu. Kiswahili hakimo, wala hakuna aliyetarajia kiwemo. Lakini filamu za namna hii hazibaki Ulaya. Zinanakiliwa, zinaingia katika flashi, na siku moja zinafika kwenye kibanda cha video, mbele ya mtu mwenye maikrofoni ambaye ana sekunde chache za kuwaambia watazamaji: huyu mwanamke ni nani? Makala haya yanahusu jina atakalompa.

Hadithi ni fupi. Stefan na Valerie ndiyo kwanza wameoana. Wanafika Ostend, mji wa pwani ya Ubelgiji, wakati wa baridi, hoteli kubwa ikiwa tupu. Usiku anafika Bibi Báthory pamoja na msichana wake Ilona. Mpokeaji wa wageni anashtuka: anakumbuka kumwona bibi huyo zamani sana, yeye mwenyewe akiwa bado kijana, na sura haijabadilika hata kidogo. Huko Bruges, mji wa jirani, wasichana wanakutwa wamekufa na damu imewaisha mwilini. Bibi hana haraka. Anamsifu Valerie, anamgusa mkono, anamsikiliza, huku mume akionyesha polepole kuwa ni mtu katili anayempiga mkewe kwa mshipi. Filamu haikutegemea meno marefu. Inatisha kwa sababu bibi anapendeza, na kwa sababu Valerie ana sababu za kweli za kumfuata. Jina lake limechukuliwa kwa Elizabeth Báthory, mwanamke wa ukoo wa kitawala wa Hungaria aliyekufa mwaka 1614 akituhumiwa kuua wasichana wengi. Hekaya zikaongeza baadaye kwamba alioga damu yao ili asizeeke.

Sasa turudi kwa mwenye maikrofoni. Kazi yake ina historia katika eneo letu. Uganda wanamwita VJ, na lugha yake mara nyingi ni Kiganda. Kenya wanamjua DJ Afro. Tanzania alivuma Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, aliyetia sauti yake juu ya filamu za kigeni, nazo zikauzwa zikiwa na maneno yake. Watu hawa hawatafsiri sentensi kwa sentensi. Wanasimulia, wanatania, wanafafanua, wanampa mhusika jina jipya. Anayefundishwa tafsiri darasani ataona hapo makosa mengi. Mimi naona mfasiri aliyebanwa na muda kuliko sisi sote, ambaye neno likimponyoka hapati nafasi ya kuweka tanbihi.

Neno la Ulaya lina safari yake. Vampir ni neno la Waserbia. Liliingia katika Kijerumani, kisha Kifaransa na Kiingereza, katika miaka ya 1720 na 1730, kwa sababu ya taarifa za maofisa wa Austria kuhusu vijiji vya Serbia vilivyofukua maiti zilizodaiwa kunyonya walio hai. Maiti ile ya kijijini haikuwa na mvuto wowote. Waandishi ndio walioivalisha nguo nzuri: Sheridan Le Fanu mwaka 1872, kwa Carmilla, msichana anayempenda msichana mwenzake na kumnyonya; kisha Bram Stoker mwaka 1897, kwa Dracula. Tangu hapo neno hilo limebeba vitu viwili kwa pamoja, damu na mahaba. Bibi wa Ostend ni mjukuu wa Carmilla.

Je, Kiswahili kina neno moja linalobeba vyote viwili? Jibu la haraka, na ndilo linalotolewa mara nyingi, ni mumiani. Tulitazame vizuri.

Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaeleza mumiani kwanza kama kitu, si mtu: dawa nyeusi kama gundi, ya kupaka au kunywa, iliyosemekana kuletwa kutoka Uajemi. Asili yake ni neno la Kiajemi, lile lile lililozaa jina la maiti zilizokaushwa za Misri. Kamusi inaongeza kwamba wengi waliamini dawa hiyo ni damu ya watu iliyogandishwa. Basi jina la dawa likahamia kwa yule anayeitafuta. Tunasema mumiani amekuja, kwa upatanisho wa kiumbe hai, ingawa neno lilianza kama jina la bidhaa. Ni mabadiliko ya maana ambayo mwanafunzi wa isimu angependa kuyaona kila siku.

Mumiani hakuwa peke yake. Kenya, Uganda na Tanganyika za wakoloni walinong'ona kuhusu wazimamoto, Rhodesia ya Kaskazini kuhusu banyama, Katanga ya miaka ya 1940 kuhusu batumbula. Mwanahistoria Luise White aliwakusanya wote katika kitabu chake cha mwaka 2000 na, kwa kuandika Kiingereza, aliwaita kwa neno la Ulaya. Nafikiri kwa wasomaji wake lilikuwa chaguo lenye faida. Likirudishwa kwetu linaleta shida. Mzimamoto wa masimulizi yale ana sare, ana gari, ana sindano na ndoo, ana mwajiri, na mwisho wa kazi analipwa. Hanyonyi kwa kinywa chake. Hampendi anayemkamata wala hamtaki. Anataka damu yake, tena si kwa kunywa mwenyewe bali kwa kuipeleka kwa wenye nguvu. Damu hapo ni mali ghafi. Kwa watu waliochukuliwa kazi za lazima na kupimwa kwa nguvu, sidhani kama picha hiyo inahitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo mumiani ana damu, hana mahaba.

Mahaba tunayo kwingine. Waswahili wa pwani wana jini mahaba, anayempenda binadamu, anamjia usiku na kumharibia ndoa. Sinema ya Tanzania iliwahi kumtumia jini wa namna hiyo, katika Shumileta ya Mussa Banzi. Kongo tuna mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimchora tena na tena katika miaka ya 1970, akitundikwa sebuleni: anatoa utajiri, naye anadai mwanaume awe wake peke yake. Pemba na Unguja wana popobawa, aliyezua hofu kubwa mwaka 1995. Jina lake ni la popo na mabawa, na mtu wa Ulaya angedhani amempata Dracula. Lakini popobawa hanywi damu. Anaingilia watu kwa nguvu wakiwa wamelala. Popo tunaye, damu hakuna.

Hapa Kalengera msimuliaji angeweza pia kushawishika kusema mulozi. Asiseme. Mulozi ni wa ndani, ni jirani au ndugu, anamla mtu wa ukoo wake bila kuonekana. Bibi Báthory anashuka kwenye gari akiwa na mizigo yake.

Mtu anaweza kuuliza: filamu ya kujiburudisha, neno lina uzito gani? Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na wanakijiji. Walikuwa wamekuja kuchukua sampuli za udongo. Kelele zilizopigwa zilikuwa kwamba ni wanyonya damu. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, Mulanje na Phalombe, watu waliuawa kwa tuhuma ya namna hiyo hiyo na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake. Nasi katika Kivu ya Kaskazini tunakumbuka Ebola ya 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200. Timu za afya zilishambuliwa, na uvumi ulisema maiti zinatolewa viungo. Gari, vifaa, wageni waliovaa sare: sarufi ya mumiani ilikuwa pale yote, hata pale jina lenyewe lilipokuwa halitamkwi.

Neno kama hilo ni shtaka lililo hai. Kulitwika juu ya mwanamke wa hotelini ni kosa la pande mbili. Filamu inapoteza mapenzi, ambayo ndiyo roho yake. Na shtaka linapata uso mpya, wa mwanamke mgeni, mzuri, mwenye gari. Sisemi kwamba filamu moja ingeua mtu. Nasema mfasiri asiongeze kuni bila sababu, hasa kama kuni zenyewe hazimpikii chochote.

Pendekezo langu ni la kawaida sana: neno la kigeni liachwe kuwa la kigeni. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tuseme vampiri, wingi mavampiri, kwa upatanisho wa viumbe hai. Wenzetu wa Kenya na Tanzania, walioupata Udracula kwa Kiingereza, wabaki na vampaya yao. Kisha msimuliaji aeleze kwa kulinganisha: anapenda kama jini mahaba, halafu ananyonya. Kitenzi hicho kinafaa kuliko kuua au kunywa. Ni cha mtoto na titi la mama, na tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 ni cha kupe na tajiri pia. Kwa mwanamke wa ukoo wa kitawala anayeishi ujana wa wengine, Kiswahili kimempa hapo zaidi ya alichopewa na Kifaransa.

Linabaki tatizo moja ambalo msamiati hauliwezi. Filamu inapoisha bibi amekufa, miezi imepita, na Valerie anazungumza na vijana wawili aliokutana nao. Sauti inayotoka kinywani mwake ni ya Bibi Báthory. Hivyo ndivyo mtazamaji anavyojua kilichompata. Lakini kibandani wahusika wote, wanawake kwa wanaume, wamekuwa wakisema kwa sauti ya mwanaume mmoja tangu mwanzo. Badiliko halisikiki. Msimuliaji itambidi anyamaze kidogo, aiache diski ijisemee sentensi moja au mbili, halafu aulize watazamaji wake kama wameitambua sauti hiyo.