Mchagua Jembe si Mkulima

Wapo walimu na wanafunzi wanaoshikilia kwamba ubunifu hauwezekani pasipo vifaa vya kisasa. Na tumtazame Klaus Schulze, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka wa 1947. Alianza kama mpiga ngoma katika vikundi vya Tangerine Dream na Ash Ra Tempel, kisha akajitenga. Mwaka wa 1972 alitoa peke yake santuri iitwayo Irrlicht, ambayo humfanya msikilizaji ajione anaelea angani, mbali na dunia. Mtu angedhani sauti hizo zilitoka katika sinthesaiza, mashine iundayo sauti kwa umeme. La hasha! Hakuitumia. Alitumia kinanda cha umeme alichokibadilisha, kikuza sauti kibovu, na kanda ya okestra aliyoicheza kinyumenyume. Mashine zilimjia baadaye, na hadi alipofariki mwaka wa 2022 alikuwa ametoa makumi ya santuri.

Maabara tupu ni aibu, na wanaohusika hawana budi kuzijaza. Hata hivyo, anayengoja maabara ijae ndipo aanze kufikiri, huenda akangoja milele. Tuwafunze vijana kukichunguza kilichopo, hata kikiwa kibovu.