"Mtawanyo wa Kawaida": Je, Istilahi Hii Yafaa?

Katika maandishi ya takwimu hutumika istilahi mbili kwa dhana moja: "mgawanyo wa kawaida" na "mtawanyo wa kawaida". Yafaa tuzichunguze, kwani mfasiri akiteleza hapa, msomaji hupotoka katika hesabu nzima.

Dhana yenyewe ni hii: vipimo vingi hukusanyika karibu na wastani, na kadiri tunavyouacha wastani, juu au chini, hupungua kwa ulinganifu. Mchoro wake huwa na umbo la kengele. Tuchukulie alama za mtihani zenye mtawanyo huo, wastani wake 50 na mchepuko sanifu 10. Takriban asilimia 68 ya watahiniwa watapata kati ya 40 na 60, na asilimia 95 kati ya 30 na 70.

"Mgawanyo" haufai, "mgawanyo wa kawaida wa mapato" utaeleweka kuwa ni ugawaji uliozoeleka. "Mtawanyo" ni bora. Lakini neno "kawaida" nalo lina hatari. Mapato ya watu hayafuati mtawanyo huu, kwani wachache wenye mapato makubwa mno huuvuta mchoro upande mmoja. Karl Pearson, aliyelieneza jina hili katika Kiingereza, alikiri mwaka 1920 kwamba huwafanya watu wadhani mitawanyo mingine ina kasoro.

Kwa hiyo twapendekeza "mtawanyo wa Gauss", jina lililokwisha kuzoeleka katika lugha nyingi. Halitoi hukumu, wala halimwambii ofisa kwamba aliye mbali na wastani amekiuka kawaida.