Uganda: Kwa nini fundi wa Hoima anahitaji cheti cha kimataifa?

KAMPALA – Mwezi Machi 2025, Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Alpha MBM Investments ya Umoja wa Falme za Kiarabu wa kujenga kiwanda cha kusafisha mafuta huko Kabaale, wilayani Hoima, chenye uwezo wa mapipa 60,000 kwa siku. Je, nani ataajiriwa?

Kanuni za mwaka 2016 zinawataka wawekezaji kuwapa Waganda kipaumbele katika ajira na mafunzo. Uchukuzi, ulinzi na chakula ni miongoni mwa huduma zilizotengewa kampuni za Uganda.

Hata hivyo, kipaumbele hicho humfaa mwenye sifa. Mafuta hupita mabombani kwa shinikizo kubwa. Kiungo kimoja dhaifu chaweza kuzusha moto. Kwa hiyo fundi wa kuchomelea vyuma, hata mwenye uzoefu wa miaka mingi gereji, hupimwa kwa mtihani unaotambuliwa kimataifa. Stadi za sekta hiyo hufundishwa katika Taasisi ya Petroli ya Kigumba, iliyoanzishwa mwaka 2009.

Vibarua wengi huondoka ujenzi ukiisha. Hubaki wanaojua kuendesha mitambo. Ndiyo maana mafunzo hutangulia kiwanda.