Mafahali Wawili Ndani ya Laptopu

Duka langu la kutengeneza kompyuta liko Kahawa Wendani, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta, na wateja wangu wengi ni wanafunzi. Juzi binti wa mwaka wa nne aliniletea laptopu ya mtumba, RAM gigabaiti 4, diski ya kuzunguka. "Kaka, naiwasha, napika chai, nainywa, bado haijawaka. Na utafiti wangu wote umo humu."

Nilibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja kuona ni programu zipi zinazoilemea. Diski ilikuwa inatumika asilimia 100, na zilizokuwa zikiila ni programu mbili za kukinga virusi: moja aliikuta ndani aliponunua, nyingine aliwekewa na rafiki. Kila faili likifunguliwa, programu ya kinga hulisoma kwanza. Zikiwa mbili, faili moja husomwa mara mbili, na diski ya kuzunguka haina mbio hizo. Mafahali wawili hawakai zizi moja.

Niliziondoa zote. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender bila malipo. Hujiweka kando ukisakinisha kinga nyingine, na hurudi zamuni ukiiondoa. Kisha nikapanga ukaguzi wa diski nzima ufanyike saa ya chakula cha mchana, laptopu ikiwa kwenye chaji. Jioni binti aliondoka akiwa ameshafungua utafiti wake.

Ukitaka kununua kinga nyingine, usisikilize sifa za muuzaji pekee. Maabara ya AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, hutoa alama hadi 6 kwa ulinzi na hadi 6 kwa wepesi. AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, hupima kompyuta inavyochelewa wakati wa kunakili mafaili na kufungua programu. Matokeo yao husomwa bure mtandaoni. Tafuta iliyofaulu pande zote mbili, kwani kinga nyepesi inayopitisha virusi haikufai kitu.

Kinga iliyovunjwa kufuli, ile ya kupeana kwa flashi, ikatae kabisa: aliyeivunja anaweza kuwa amemficha mwizi ndani. Na kumbuka, Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiosasishwa ni ukuta wenye nyufa, na askari mmoja hawezi kuulinda.

Kabla hujatoa pesa, fungua laptopu yako leo uhesabu kinga zilizomo. Zikizidi moja, anzia hapo.